Maswali Yenu: Linkin Park, Sauti Mbili na Huyo Dada Mpya

Wiki hii ukurasa wote ni wa bendi moja, maana tangu Linkin Park, bendi ya rock ya Marekani, warudi maswali yanamiminika toka Arusha na Moshi, na kwa vile hii bendi naipenda kwa moyo wote nimeona niyajibu kwa nafasi.

Chalii wa Ngaramtoni anauliza: Kaka mambo, naona Linkin Park wana mwimbaji wa kike saivi, mi ngoma zao nimezikuta kwenye flashi ya bro tu. Hii bendi ilianzaje, hiyo nu metali ni nini, na huyo dada anaweza kweli kukaa sehemu ya Chester, yule mwimbaji wao aliyefariki?

Poa sana arif. Nu metali ni rock nzito iliyooana na hip hop: gitaa zinashushwa tyuni mpaka zinanguruma, juu yake mtu anachana au anapayuka, na bendi nyingi zina dijei wa kuskrachi. Wengi wanawataja Korn wa Bakersfield, California, kuwa ndo walifungua njia na albamu yao ya kwanza ya 1994. Linkin Park wamekuja baada yao. Mwaka 1996 Mike Shinoda anayechana, Brad Delson wa gitaa na Rob Bourdon wa dramu, waliosoma sekondari moja huko Agoura Hills, California, wakaanzisha kundi linaitwa Xero, baadae mwimbaji wao akajitoa wakabaki na biti na mashairi lakini hawana sauti ya kuibeba.

Ndo 1999 demo, yaani rekodi ya majaribio, ikatumwa kwa kijana wa Phoenix, Arizona, anaitwa Chester Bennington. Jamaa alikuwa na sherehe ya birthday yake, akawaacha wageni akaingia studio kurekodi sauti juu ya hizo biti, wenzie waliposkia wakajua wamepata mtu. Jina likawa Hybrid Theory, halafu Linkin Park, limetokana na bustani ya Lincoln Park iliyokuwepo Santa Monica ila wakabadilisha herufi ili wapate anwani yao ya intaneti.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo moyo wa hadithi yote. Walipopata mkataba wa Warner, lebo yaani kampuni ya kurekodi muziki, kuna watu wa lebo walitaka Mike asogezwe pembeni, rap ipungue, Chester ndo awe sura ya bendi. Kijana mgeni kabisa kwenye kundi, hana jina, angeweza kukubali na maisha yakaendelea, Chester akakataa katakata akasimama na mwenzie. Bila hapo usingekuwa na hiyo flashi, kwasababu utamu wa Linkin Park ni zile sauti mbili, mmoja anachana ametulia kama anakueleza jambo, mwingine anaingia kwenye kiitikio na kifua chote. Albamu ya Hybrid Theory ikatoka tarehe 24 Oktoba 2000 na mwaka 2001 ndo ikawa iliyouzwa kuliko zote Marekani, mpaka leo imepita nakala milioni 10 kwa huko tu. Meteora ikafuata 2003.

Chester alijitoa uhai tarehe 20 Julai 2017, ana miaka 41, miezi miwili tu baada ya albamu yao ya One More Light. Oktoba mwaka huo wenzie wakafanya shoo ya kumuaga pale Hollywood Bowl, Los Angeles, ilipofika wimbo wa Numb hakuna aliyeshika maiki, mashabiki ndo waliimba. Halafu kimya cha miaka. Septemba 2024 wakarudi na Emily Armstrong, aliyekuwa akiimba kwenye bendi ya Dead Sara, na Colin Brittain kwenye dramu maana Rob hakurudi, na Novemba 15 wakatoa albamu ya From Zero, jina linalokurudisha kule kwenye Xero.

Anaweza kukaa sehemu ya Chester? Chalii yangu, hakuna wa kukaa pale na naona hata yeye hajaribu. Ana mkwaruzo wake, ana hasira zake, na anajua kushuka taratibu pia. Ukiweka wimbo wa The Emptiness Machine utaona Mike anaanza peke yake halafu dada anaingia, yaani nafasi ya sauti ya pili imefunguliwa tena. Mi nilivyoiskia nilifurahi na nikaumia kwa pamoja, na sioni shida kubaki na vyote viwili.

Mama wa Pasua, Moshi, anaandika: Kijana wangu wa fomu tatu anafunga mlango anasikiliza hao watu wanaopiga makelele. Kwenye jumuiya wameniambia ni muziki wa shetani, nimnyang'anye simu. Nifanyeje mwanangu?

Shikamoo mama yangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kumnyang'anya. Hizo kelele ni za mtu anayeumia mama. Hata msibani watu wanalia kwa sauti kubwa na hakuna anayesema wana mashetani. Chester alisema wazi kwenye mahojiano kwamba utotoni alinyanyaswa kingono na mtu aliyemzidi umri, akakua anapambana na madawa na pombe, na wimbo wa Crawling umetoka hukohuko kwenye uraibu. Hybrid Theory nzima haina tusi hata moja, nyimbo zinaongelea kuonewa, kukata tamaa, kujiona hufai. Nikuambie ukweli kuna matusi kwenye baadhi ya nyimbo za baadae, kama kwenye albamu ya Minutes to Midnight ya 2007, kwahiyo ukimwambia hizo asiziweke mbele ya wadogo zake uko sahihi kabisa.

Ila simu usimnyang'anye. Gonga mlango, kaa nae, muombe akuwekee wimbo mmoja anaoupenda na akueleze maneno yake yanasema nini. Watoto wengi wanaupenda tu kwasababu ni mzuri, lakini kama kuna kinachomsumbua shuleni au nyumbani hapo ndo pa kuanzia, na ukiona amejitenga sana, halali usingizi, hali chakula, anaongea habari za kutotaka kuishi, usisubiri mama, mpeleke hospitali akaongee na wataalamu wa afya ya akili, na hao wa jumuiya wanaompenda nao wawe karibu nae.

Msomaji wa Sakina, Arusha: Mi nawalaumu. Baada ya Meteora walilainika wakaikimbia nu metali. Kwanini waliharibu?

Sikubaliani na wewe kaka ila najua wengi mnasema hivo. Minutes to Midnight ya 2007 waliifanya na prodyuza Rick Rubin na kwa makusudi walitaka kutoka kwenye kile kiboksi, rap ikapungua sana, halafu 2010 wakaja na A Thousand Suns iliyojaa kinanda cha umeme na hotuba za watu kama Martin Luther King, inaongelea vita na mabomu ya nyuklia, mashabiki wakagawanyika kabisa. Mi hiyo naiweka juu sana, iskilize mwanzo mwisho bila kuruka hata moja ndo utaielewa. Wangerudia Hybrid Theory mara tano ungewachoka mwenyewe. Na 2014 walirudi na The Hunting Party, gitaa zito mno, sijui kwanini nyie mnaolalamika hamuitaji hiyo. One More Light kweli ilikuwa pop, na Chester aliumizwa sana na maneno ya watu kuhusu hiyo albamu, kwahiyo hapo naomba tuwe na ulimi mpole.

Dada wa Njiro: Ni kweli walifanya ngoma na rapa Jay-Z au ni dijei tu alichanganya?

Kweli kabisa dada, ilitoka 2004 inaitwa Collision Course, nyimbo 6, na hawakubandika tu sauti za zamani, Jay-Z na Chester na Mike waliingia studio wakarekodi upya mistari ili ikae kwenye biti. Wimbo wa Numb/Encore ukachukua tuzo ya Grammy 2006. Kwa mtu wa Arusha, mji uliowatoa X Plastaz waliochanganya rap na sauti za Kimaasai, naamini hiyo itakuingia haraka kuliko zote, na ukiipata ile DVD yake tazama pale studio Mike alivyo bize kwenye mashine anapanga biti na Jay-Z amekaa anasubiri zamu yake.