Mkusanyiko Mpya wa Vito Uanze na Kipande Kimoja

Mkusanyiko wangu wa kwanza wa vito ulikuwa na vipande 31, na ninapoukumbuka sasa naona kwamba haukustahili hata kuitwa mkusanyiko. Ilikuwa meza iliyojaa kila nilichojifunza kutengeneza mwaka ule. Kulikuwa na bangili za shaba zilizosokotwa, hereni za manyoya, vidani vya lulu, pete za waya na mikufu ya shanga za mbao, na kila kipande kikitazamwa peke yake kilipendeza. Wateja walishika hiki na kile, wakasifu, kisha wakaondoka mikono mitupu, kwa sababu hapakuwa na kipande kilichomvuta mtu akitazame kingine.

Vipande vinne tu ndivyo vilivyokwisha mapema. Jioni ile nilivichora daftarini ili nivitengeneze upya, na nilipoviona pamoja kwenye ukurasa mmoja ndipo nikagundua kwamba vyote vilikuwa na umbo la duaradufu la waya wa fedha uliopondwapondwa kwa nyundo, na ncha zake hazikuunganishwa kwa juu. Sikuwa nimepanga hivyo. Wateja walikuwa wameshaniteulia, nami nilikuwa bado nahangaika na manyoya.

Tangu hapo, kila mkusanyiko wangu huanza na kipande kimoja ninachokiita mama. Mama huyu awe na jambo moja tu la kukumbukwa: umbo, au namna uso wa madini ulivyopondwa, au jiwe linavyoshikwa. Akiwa na mambo matatu, watoto wake watagombana. Kutoka kwake hutokea hereni, kidani, bangili na pengine pete, na kanuni yangu ni kwamba kila mtoto abakize lile jambo moja na abadilishe jingine moja, kama vile ukubwa, uzito au rangi. Kwa njia hiyo hutengeneza sampuli zipatazo 18, nikijua tangu mwanzo kwamba zitakazobaki hazitazidi 10. Wapo wanaoshauri uanze kwa kukusanya picha na rangi zinazovuma msimu huo. Mimi huzitazama picha hizo baada ya kumpata mama, kwa sababu nikizitazama kabla hujikuta nimetengeneza vitu vya watu wengine.

Baada ya hapo huja malighafi, na hapa ndipo nilipopoteza fedha nyingi zaidi. Msambazaji mmoja aliniuzia shanga nilizoziamini kuwa feruzi, lile jiwe la buluu. Nikatengeneza vikuku sita, na mteja mmoja akanirudishia chake pamoja na habari kwamba mkono wa blauzi yake nyeupe umekuwa wa buluu. Lilikuwa jiwe jeupe la hauliti lililotiwa rangi. Siku hizi, kabla ya kuagiza shehena, huomba uzi mmoja tu wa sampuli, nikachukua ushanga mmoja na kuufuta kwa pamba iliyoloweshwa asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Pamba ikibadilika rangi, mazungumzo yamekwisha. Ikibaki safi haithibitishi kila kitu, kwa kuwa zipo rangi zilizofungiwa ndani kwa nta au gundi, lakini jaribio hilo limeniepusha na hasara zaidi ya mara moja. Uzi huo uliobaki huuweka dirishani penye jua kali kwa wiki kadhaa, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, maana amethisti, jiwe la zambarau, kwa mfano inaweza kufifia ikikaa juani kwa muda mrefu, na ni afadhali nilijue hilo mimi kabla ya mnunuzi.

Ugumu wa jiwe nao una mahali pake. Kwenye kipimo cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, kwazi (jiwe liitwalo quartz kwa Kiingereza) iko kwenye 7, feruzi iko kati ya 5 na 6, na lulu iko chini zaidi. Kwa kuwa vumbi la kawaida huwa na chembe za kwazi, jiwe laini linaloguswa na kusuguliwa kila siku huchakaa polepole. Kwa hiyo lulu huiweka sikioni na shingoni, na kidoleni siiweki kamwe, hata mama wa mkusanyiko akiwa ni lulu yenyewe.

Hesabu ya shanga ifanywe kabla ya kuagiza. Uzi wa sentimita 40 wenye shanga za milimita 8 hutoa shanga 50 hivi, na kikuku cha sentimita 18 hutumia kama 21 baada ya kuacha nafasi ya kifungo, yaani uzi mmoja unatoa vikuku viwili na shanga chache za kutengenezea hereni. Agiza zote kwa pamoja, kutoka fungu moja. Mawe ya asili hayarudi mara ya pili na rangi ileile.

Kuhusu madini sina mengi ya kusema. Fedha ninayotumia ni ile yenye alama ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha safi na zinazobaki kwa kawaida ni shaba, na sehemu yoyote inayopita kwenye tundu la sikio haina nikeli, kwa sababu watu wengi huwashwa nayo.

Sampuli ikishakamilika, nivae mimi mwenyewe kwanza. Hereni huzijaribu kwa kuvaa toleo moja sikio la kulia na jingine la kushoto kwa wiki nzima, jambo ambalo huwafanya watu wanitazame kwa huruma, lakini hakuna mchoro unaoweza kukufundisha yale ambayo sikio hukufundisha. Hereni za zile duaradufu zilikuwa nzuri mezani. Nilipozivaa ziligeuka ubavu, zikawa zinamwonyesha uso mtu aliye kando yangu na kwangu mbele unaonekana ukingo mwembamba tu. Nilidhani kasoro iko kwenye umbo, nikalipinda upya mara tatu. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye vile vipete vidogo vya kuunganishia: kila kipete unachoongeza hugeuza kinachoning'inia kwa robo ya mzunguko, kwa hiyo kipete kimoja zaidi kati ya kulabu na duaradufu kiliiweka sawa. Siku ya nne ncha iliyo wazi ilinasa kwenye skafu, ndipo nikaanza kuzilainisha ncha zote kwa tupa mpaka ziteleze juu ya kitambaa cha hariri bila kuvuta uzi. Huzipima pia kwenye mizani ndogo, na yoyote inayozidi gramu 8 kwa sikio moja huiondoa, hata kama ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kipande kikishafaulu, nakiandikia kadi kabla sijasahau. Kadi ya hereni hizo inasema: waya wa milimita 1, urefu wa sentimita 9.5, pinda kwanza ndipo uponde. Mpangilio huo si mapambo, kwa maana fedha hukakamaa inapopondwa, na ukitanguliza nyundo utapata waya mgumu usiopindika vizuri mpaka uupashe moto ulainike tena. Aidha kuponda hurefusha waya, hivyo jozi iliyopondwa kwa nguvu zisizolingana huwa na sikio moja refu kuliko jingine. Bila kadi, baada ya miezi miwili utajikuta unavumbua upya kitu ulichokwisha kukiuza.

Gharama nazipima kwa saa ya ukutani, na kipande ninachokipimia muda ni cha tano, kwa kuwa kile cha kwanza kina muda wa kujifunza ndani yake. Ndani ya muda huo huingiza kung'arisha, kufunga na vipande vilivyovunjika. Kisha hujiuliza kama bei inayotokana na hesabu hiyo ingenifaa iwapo duka litataka kununua kwangu kwa nusu yake. Jibu likiwa hapana, sipunguzi ujira wangu. Narudi kwenye muundo kutafuta hatua ninayoweza kuiondoa. Hata hivyo huruhusu kipande kimoja kilicho ghali na kinachochosha kutengeneza, kwa kawaida mkufu mkubwa, kwa sababu ndicho kinachowasimamisha watu, ingawa wanachonunua ni hereni zilizo pembeni yake.

Majina na picha huja mwisho, na sivitilii maanani sana, ila tu kwamba vipande vyote vipigwe picha siku moja, kwa mwanga wa dirisha lilelile, na angalau picha moja ya kila kimoja kikiwa kimevaliwa ili ukubwa wake ujulikane.

Mkusanyiko ninaoushughulikia sasa mama yake ni mwezi mwandamo wa fedha wenye ushanga mmoja wa kwazi. Kwenye trei kuna sampuli 17. Pete zote tatu zimeshatolewa kwa sababu pembe za mwezi hunasa mfukoni, na nimebishana na nafsi yangu siku mbili kabla ya kukubali. Hereni ya 11 iko sikioni mwangu hivi sasa, leo ni siku ya sita, na bado inainama mbele kwa kuwa uzito wake wote uko kwenye pembe moja.