Kabla hamjapanga viti ufuoni

Mimi na mume wangu tulitaka kuoana Diani, pale pale mchangani, miguu mitupu. Kadi zilikuwa zimeshachapishwa, na zilibaki siku 16 binamu yangu aliponipigia simu: "Dada, notisi mmeshapeleka?" Notisi gani? Moyo ulinipasuka.

Kwa anayefunga ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka msajili aandikiwe notisi siku zisizopungua 21, na zisizozidi miezi 3, kabla ya siku yenyewe. Na si msajili peke yake. Msimamizi wa mahali mtakapofungia naye apewe yake. Ikiwa mnamtaka msajili aje nje ya ofisi, ombeni leseni maalum mapema, kabla hamjalipa hata hema. Sisi tulilipa hema kwanza, na ilibidi tusogeze harusi wiki tatu mbele, tukapigia wageni simu mmoja mmoja.

Ugumu wa pili ulitokana na mahali penyewe. Ufuoni msimamizi ni nani? Tulidhani ni hoteli. Kumbe Katiba ya 2010, ibara ya 62, inahesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Hoteli ina bustani yake, lakini mchanga ule haina haki ya kuukodisha. Mkionyeshwa risiti ya "sehemu ya ufuo", ulizeni kwanza imekatwa kwa kipande kipi cha ardhi. Tukahamishia viapo bustanini, karibu na ngazi za kuteremkia baharini, mahali penye mwenyewe wa kuandikiwa barua.

Namshukuru Mungu kwa hilo, maana tarehe mpya iliangukia bamvua, yale maji makubwa yanayokuja mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Kwetu pwani, bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na kitu jioni, wakati huo huo ambao kila bibi harusi anautaka kwa ajili ya picha. Saa kumi na nusu mawimbi yalikuwa yanapiga ngazi ya chini. Mahali tulipokuwa tumepachora kwa viti palikuwa maji ya magoti. Tazameni mwezi kabla ya kuchagua siku.

Mashahidi ni wawili, wa miaka 18 kwenda juu, wasiwe wamelewa, na waielewe lugha inayotumika kwenye viapo. Hili la lugha ndilo lililonigusa zaidi. Mume wangu alitaka nyanya yake awe shahidi, na nyanya anajua Kidigo na Kiswahili tu. Kama shughuli ingeendeshwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa imepangwa, asingefaa. Nilimwomba msajili asubuhi ile, akakubali bila neno, akasoma yote kwa Kiswahili, polepole. Nyanya aliinama akitega sikio, akaitikia kila sentensi kwa kichwa, kisha akaweka dole gumba kwenye cheti na kufuta wino kwa pindo la leso yake.