Hoteli iwe magharibi, volkano muiendee alfajiri

Dada yangu, umeuliza mkae wapi katika kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi, mpate hoteli ya kifahari na pia mpande volkano na mwongoza watalii. Kaeni Saint-Gilles, pwani ya magharibi yenye mvua chache. Ogeleeni upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe tu, nje kuna papa.

Volkano yenyewe, Piton de la Fournaise, mita 2,632, iko upande wa pili, kwa hivyo ondokeni kabla ya alfajiri. Jua likipanda, ukungu huweza kuifunika kabisa. Bebeni masweta mazito. Baridi ile sisi wa Mombasa hatuijui. Ikilipuka, njia ya kreta (shimo la volkano) hufungwa, basi mkubaliane mapema kuhusu kurudishiwa pesa.

Januari hadi Machi ni vimbunga, epukeni. Viza ianze kabla ya malipo yoyote: kisiwa ni cha Ufaransa lakini hakimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja.