Unataka kukusanya fosili? Anza na sakafu za tao

Kuna kijana wa Kayole ameniingilia inboksi juzi: "Boss, nimenunua nyundo, sasa nichimbe wapi?" Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, juu hiyo ndio swali kila mtu huniuliza, hakuna anayeuliza atajuaje alichookota ni nini.

Nyundo weka kando. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inasema mifupa ya kale iliyo ardhini Kenya hii ni mali ya serikali, hata kama iko kwa shamba la babako, so kuchimba bila leseni ni kujitafutia kesi. Na Nairobi utachimba nini kwanza? Tumekalia lava na majivu ya volkano.

Macho ndio kazi. Mimi nilijifunzia tao, kwa ngazi na sakafu za majengo yenye mawe yale ya chokaa ya rangi ya krimu yaliyong'arishwa, ukiinama vizuri unaona konokono wa baharini wa kale aliyegeuka jiwe, amekatwa katikati na mizunguko yake yote inaonekana. Askari atakuuliza umepoteza nini, we mwambie tu. Halafu panda Museum Hill ukakae na mafuvu, usikimbie kupiga selfie. Hata Simbakubwa, yule mnyama mkali wa kale aliyetangazwa 2019, taya lake lilikuwa kwa droo hapo makumbusho miaka na miaka likingoja mtu wa kuliangalia.

Sasa niwaambie ya mwezi jana, bado nasikia raha. Tulikuwa Baringo kwa rafiki yangu, mvua imenyesha usiku, asubuhi nikashuka korongo la nyuma ya boma jua likiwa bado chini, hapo ndio vitu hung'aa. Nikaona kitu cha kahawia kinameta, juu kimesagika kikaacha umbo la majani matatu, na ukingo wa enameli, ile ngozi ngumu ya jino, umesimama kabisa. Jamaa mmoja mwenye digrii zake akasema mbele ya watu, "Hilo ni jiwe, wacha kutupotezea wakati." Sikubishana. Nikaweka sarafu ya shilingi ishirini kando yake ukubwa uonekane, nikapiga picha, nikaweka pini kwa ramani, nikaliacha palepale. Picha nikawatumia makumbusho, wakajibu: jino la kiboko. Mahali leo mbuzi wanahangaikia maji! Yule wa digrii mpaka leo hajanitumia hata emoji.

Kuliacha palepale ndio watu hawaelewi. Marehemu Kamoya Kimeu, yule mtafuta fosili wetu maarufu, 1984, siku ya mapumziko, aliona kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti kati ya kokoto nyeusi za lava kule Nariokotome, Turkana, rangi karibu ni moja. Angekitia mfukoni aende nacho nyumbani, yule Kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale karibu mwili mzima, miaka milioni 1.5 na zaidi, angekuwa bado kwa mchanga. Mfupa ukitolewa kwa tabaka lake la udongo haukwambii tena umri wake, mnaelewa?

Kipande kikikushinda, angalia palipovunjika, mfupa una vitundu vidogo vidogo ndani, jiwe la kawaida mara nyingi halina. Wengine hugusisha ulimi, mfupa hunata, lakini hata udongo mkavu hunata so usitangaze juu ya hiyo peke yake.

Na mkinitumia picha bila sarafu ama rula kando, sijibu tena.