Kabla hujawapeleka wageni Maziwe

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza watalii hapa Moshi, tembo na njia ya Marangu mmevisomea vya kutosha. Lakini wageni wakishuka mlimani wengi wanataka bahari, na siku moja ofisi itakwambia uwapeleke Pangani. Kutoka kijiji cha Ushongo mtavuka kwenda Maziwe, kisiwa kisicho na mtu wala mti.

Zamani kilikuwa na mivinje. Ilipokatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, mawimbi yakautafuna. Leo limebaki fungu la mchanga ndani ya hifadhi ya bahari, na maji yakijaa sana huioni Maziwe kabisa.

Kwa hiyo anza na maji. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani ile hupwa saa nne hivi asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Mimi sikulijua hilo. Niliwaacha wageni wale chakula, wapumzike, tukaondoka saa nane mchana, tena mwezi mpevu. Tulikuta mchanga umebaki kama mkeka, na tukiwa bado tunashusha kikapu cha matunda maji yakamfika mama mmoja vifundoni. Nahodha, mzee wa Ushongo, akaniambia taratibu, "Mwanangu, ungeniuliza mwezi kwanza." Siku hizi nampigia kabla sijaandika ratiba.

Kinachoniuma ni kasa. Bado wanapanda Maziwe kutaga, wakati mchanga wenyewe unafunikwa na maji. Walinzi wa pwani hufukua mayai mapema na kuyafukia upya Ushongo, juu ya mstari wa maji. Ukiona nyayo, zisome kama unavyosoma za porini: kasa wa kijani husukuma mapezi mawili pamoja, alama za kulia na kushoto zinalingana, ng'amba, kasa wa aina nyingine, hupishanisha. Usizikanyage. Mwite mlinzi, maana ndizo zinazomwonyesha kiota.

Vifaranga wakitoka Ushongo, wageni wako wakae nyuma yao, wasiwabebe, wasiwamulike kwa tochi. Kifaranga ni mdogo kuliko kidole chako cha kati. Shimo la kisigino kwake ni bonde. Pita mapema na wenyeji, msawazishe mchanga kwa viganja mpaka majini.