Barua kwa mwanangu: Kiebrania cha Askofu

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kile Kiswahili ulichokisomea chuoni kinakufaa nini huko Boston, ambako unashinda ukiwaogesha wazee. Kwenye simu sikujibu, maana nilitaka kukupa habari za mtu mmoja, na vocha ingekwisha kabla hajafika China.

Ni Samuel Schereschewsky (jina hili nalinakili tu, kulitamka siwezi). Alizaliwa mwaka 1831 Lithuania, wakati huo chini ya Urusi, kwa wazazi Wayahudi. Akabaki yatima mapema. Alikuwa akisomea urabi, na Kiebrania kilimkaa kichwani kama ngeli zinavyokukaa wewe. Masomoni akakutana na Agano Jipya kwa Kiebrania, likamgeuza. Mwaka 1854 akahamia Marekani, akabatizwa, akaingia chuo cha Wapresbiteri, mwisho akaangukia Kanisa la Episkopali, ndio Waanglikana wenzetu wa huko. Mwaka 1859 akapanda meli kwenda China, na Kichina akaanza kukisoma humo humo melini.

Sasa sikiliza. Kule Beijing wamisionari waliunda kamati ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kimandarini, yaani Kichina cha kusemwa. Agano la Kale, lile kubwa, akaachiwa yeye peke yake. Kwa nini? Kwa sababu ya Kiebrania alichotoka nacho kwao. Sidhani kama siku anashuka New York kuna aliyemwambia kitamfaa.

Uaskofu wa Shanghai aliukataa kwanza, wakamng'ang'ania, akawekwa wakfu mwaka 1877. Miaka miwili baadaye akaanzisha Chuo cha St. John's. Mwaka 1881 akapigwa na kiharusi, mwili ukapooza, hata kusema kukawa kwa shida. Mwaka 1883 akajiuzulu. Hapo mimi namheshimu zaidi kuliko hata kwenye tafsiri. Wangapi tunawajua wanaoachia kiti wenyewe?

Kisha akahamia Cambridge, hapo ng'ambo ya mto kutoka kwako. Kalamu haishikiki tena, basi akakaa kitini mbele ya mashine ya taipu, akigonga herufi moja moja kwa kidole kimoja. Kichina alikiandika kwa herufi za Kilatini, baadaye makarani Wachina wakakinakili kwa maandishi yao. Safari hii ilikuwa Biblia kwa lugha ya vitabu iliyorahisishwa. Ilitoka mwaka 1902, naye akafariki Tokyo mwaka 1906.

Sikuambii uache kazi, kodi ya nyumba hailipwi kwa ngeli. Ila ulinitajia kanisa la Wakongo linalotafuta mtu wa kufundisha watoto Kiswahili Jumamosi, ukalipita haraka kama jambo dogo. Wapigie. Vyeti vyako viko kabatini kwangu. Wakivihitaji, niambie nivipige picha nikutumie.

Baba yako