Dada hajarudi, shule zinafunguliwa

Anti, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro. Nina watoto watatu: binti wa miaka 11 anayeingia darasa la tano, mvulana wa miaka 5 anayeanza awali, na mchanga wa miezi mitano. Mume wangu ni fundi magari. Shule zinafunguliwa baada ya siku kumi na ndani hamna kitu. Sare hazijashonwa, mshahara wa Desemba uliishia kwenye sikukuu, watoto wanalala saa sita usiku. Nikimwomba mume wangu anisaidie ananijibu, "Si ulikuwa likizo mwezi mzima?" Na akisaidia inabidi nirudie mwenyewe, maana hata pasi hajui kupiga. Binti yangu ndiye anayeamka na mtoto usiku. Kuna mama mmoja hukopesha walimu, anachotaka ni kadi ya benki tu. Dada wa kazi alienda kwao Krismasi, akasema atarudi tarehe 2. Sasa hapokei simu, labda kwa sababu ya ule mshahara wa Novemba ambao sijammalizia. Nifanye nini?
Mwalimu Mchovu

Marahaba, Mwalimu, na pole na majukumu.

Naanza na neno uliloliweka mkiani mwa barua kama vile halina uzito: mshahara wa Novemba. Hapo hakuna "labda". Msichana amefika kwao Krismasi, wamemuuliza mjini umeleta nini, hana jibu. Hapokei simu kwa sababu anajua utamwambia arudi kwanza, mengine mtamalizana huko huko. Mtumie deni lake lote leo, na nauli, na hela ya kutolea, ndipo umpigie. Usipige kwanza. Asipotaka kurudi ni hiari yake, na deni limekwisha. Unalalamika kwamba mumeo haioni kazi yako ya nyumbani, nami nakuamini, lakini naye huyo dada alilea mtoto wako Novemba nzima ukiwa darasani.

Ukilazimika kutafuta mwingine, usikubali kuletewa mtoto wa miaka 13 eti ni mkubwa wa mwili. Wewe ndiye unayeita majina asubuhi. Unajua yule asiyeitikia huwa yuko jikoni kwa nani. Na huyo mwingine awe amefika siku tatu kamili kabla ya kufungua shule. Siku ya kwanza akutazame, ya pili mfanye pamoja, ya tatu afanye yeye na wewe ukae uani bila kuingilia. Dada anayepokelewa Jumapili jioni na kukabidhiwa mchanga Jumatatu alfajiri, Jumatano anafunga mzigo.

Sasa pesa. Kadi ya benki usimpe mtu. Chukua mfano wa mikopo hii ya kausha damu: unapewa 200,000, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Umelipa 260,000. Utaambiwa riba ni asilimia 30, lakini siku ya 13 umesharudisha 130,000, kwa hiyo ile laki mbili hukukaa nayo hata wiki. Ukikokotoa kwa pesa iliyokuwa mkononi mwako kweli, riba inakaribia mara mbili ya hiyo unayotajiwa. Na aliyeshika kadi yako hasubiri umlipe. Mshahara ukiingia anatangulia yeye kwenye mashine, wewe unaletewa chenji. Makato ya mshahara yana mpaka wa kukuachia theluthi moja ya mshahara wa msingi, na mwajiri anaulinda mpaka huo kwa kuwa makato anayaona. Mama wa kadi haonekani kwenye karatasi yoyote. Ndiyo maana mwalimu mwenye theluthi yake safi anaweza kumaliza Januari anakopa chumvi.

Kilichopo ni hiki. Mshahara wako ni wa mwezi, na kutoka ule wa kabla ya Krismasi hadi wa Januari ni zaidi ya siku 30. Pesa ya mumeo ni ya kila siku: gari likipona, analipwa. Kwa hiyo Januari iendeshwe na pesa ya gereji. Sare, viatu na madaftari viwe vyake mwezi huu, akinunua kidogo kidogo kadiri kazi zinavyoingia. Mshahara wako ukiingia, wewe ubebe unga, mchele, mafuta na gesi ya mwezi unaofuata. Kama uko kwenye kikoba, uliza mfuko wa jamii kabla ya kuomba mkopo, maana vikoba vingi huutumia kwa dharura bila riba au kwa riba ndogo. Deni la dada liingie kwenye ombi hilo.

Sare zipunguze. Binti hahitaji sketi mpya ikiwa ya mwaka jana ina upindo wa vidole vitatu. Fumua, shusha, shona tena. Ile alama ya mkunjo wa zamani ipake siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha piga pasi. Jaribu kwanza kwa ndani, kitambaa kisije kikabadilika rangi. Wa awali anatosha na kaptula mbili na mashati mawili, na shati jeupe la mtumba zuri halina aibu yoyote, litapakwa udongo siku hiyo hiyo. Fundi mpelekee kesho, kwa sababu wiki ya mwisho anapokea kazi ya mtaa mzima na sketi ya binti itatoka Ijumaa ya wiki ya kwanza. Viatu vinunuliwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa mchana kutwa, na mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Kulala ni hesabu tu. Binti wa miaka 11 anahitaji usingizi wa saa tisa kwenda juu. Akiamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, alale saa mbili na nusu. Kutoka saa sita hadi saa mbili na nusu ni dakika 210, nawe una siku kumi: dakika 21 kila siku. Anza na kuamka, siyo kulala. Kesho waamshe mapema kidogo, watoke nje kwenye mwanga, na mchana yule mkubwa asilale. Ukiwafukuza kitandani saa mbili na nusu usiku wa leo watakaa macho wakicheka gizani hadi saa tano, utapandisha hasira, na kesho mtarudi pale pale. Mdogo wa awali alale saa mbili; akitoka shule adhuhuri anaweza kujazia, ila asipitilize saa tisa.

Tuje kwa mumeo. Neno lako "anisaidie" ndilo linalokuponza. Anayesaidiwa ni mwenye kazi, na msaidizi husubiri atumwe, aonyeshwe soksi ziko wapi, kisha asifiwe. Mpe kitu kizima. Wale wakubwa wawili wawe wake kila asubuhi kuanzia kuamka hadi geti la shule: kuwaamsha, kuwaogesha, chai, soksi, daftari lililosahaulika, yote. Wewe una mchanga na safari yako ya kazini. Wakichelewa, amechelewesha yeye, na mwalimu wa zamu atamwambia mwenyewe.

Na pasi anayopiga usiirudie. Nasema hili kwa ukali kidogo kwa sababu ndipo walimu wengi mnapojifunga wenyewe, mmezoea kusahihisha. Mwanamume akiona shati alilonyoosha linarudishwa mezani, wiki ijayo hatashika pasi, na atakuwa na sababu. Mkunjo mgongoni haujamfelisha mtoto mtihani. Kinachotakiwa ni nguo za siku tano zipigwe Jumapili mchana, zitundikwe kwa seti, kwani umeme ukikatika Jumanne alfajiri hakuna wa kulaumiwa.

Mzungumze Jumapili baada ya chakula, siyo usiku akitoka gereji na mafuta mikononi, wala mbele ya mama yake kama yupo. Usijibu ile kauli ya likizo kwa kelele. Weka mezani azimio la kazi, maandalio ya somo na vizibo 100 unavyotafuta kwa ajili ya kuhesabia, umwambie: "Baba, watoto waliofunga shule walipumzika, mimi nilikuwa na hii na hawa watatu. Kuanzia Jumatatu asubuhi siwezi kuwa sehemu mbili. Wakubwa nakuachia wewe. Unachagua kuwaamsha saa ngapi, sitaingilia." Kisha kweli usiingilie.

Binti yako asiamke tena na mtoto. Ang'arishe viatu vyake, afue soksi, atandike kitanda, aoshe vyombo vya jioni. Kuamka na mchanga usiku ni kazi ya wazazi, na mwalimu wake wa darasa la tano, ambaye huenda unakaa naye ofisi moja, ndiye atakayemwona anasinzia kipindi cha pili.

Chakula kifupi tu: Jumamosi chemsha maharage ya siku tatu na chumvi kidogo, yagawe, yaweke kwenye friji bila kuunga. Nazi usitie hadi siku ya kula, ndiyo inayochachisha haraka kwa joto hili. Chai ya asubuhi iingie kwenye chupa usiku.

Kilichobaki ni mchanga, na hapa usifanye haraka. Likizo yako ya uzazi ya siku 84 imekwisha, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi kila siku. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi kabla ratiba haijapangwa, siyo baada. Omba vipindi vyako vikae pamoja asubuhi ili katikati upate nafasi ya kwenda nyumbani, au uletewe mtoto. Ukikaa na maziwa yaliyojaa kuanzia saa moja hadi saa nane mchana, mwili unajifunza kwamba hayahitajiki na yanapungua. Ndipo watu wanaposema mtoto "amekataa" na kumkorogea uji kabla ya miezi sita.

Anza kukamua leo, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kunyonya mara ya kwanza. Nawa mikono kwa sabuni, tumia chombo cha kioo au plastiki ngumu chenye mfuniko, kilichochemshwa, uandike tarehe. Kwenye friji maziwa hukaa hadi siku nne. Nje, kwenye chumba chenye baridi ya kawaida, ni saa nne, ila Januari ya Morogoro siyo chumba cha baridi, kwa hiyo yasiyo kwenye friji yatumike mapema zaidi. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, jikoni hapana. Aliyobakiza baada ya kunywa yamwagwe ndani ya saa mbili, hata kama roho inauma.

Umpe kwa kikombe kidogo, si chupa, kwa sababu ni rahisi kukisafisha. Anayempa amkalishe wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, mtoto avute mwenyewe bila kumiminiwa. Jaribuni Jumamosi hii, mumeo au dada ndiye ampe, na wewe utoke kabisa uende sokoni. Akikunusa uko chumba cha pili hatakigusa hicho kikombe.